Dawa iko, uamuzi ndio haupo

Goma, 22 Septemba 2024



Leo ni tarehe 22 ya mwezi wa tisa. Duniani kote, watu wenye ugonjwa wa damu ambao wanganga wetu wanauandika LMC, yaani lukemia sugu ya mieloidi, wameifanya kuwa siku yao. Hawakuichagua ovyo. Ugonjwa huo unaanza pale kipande cha kromosomu namba 9 na kipande cha kromosomu namba 22 vinapobadilishana nafasi ndani ya damu. Tisa na ishirini na mbili.

Sisi tunaandika leo kwa sababu mwezi wa sita tulimzika mwenzetu.

Alikuwa motari, parikingi yake Birere. Miaka 29. Pesa ya moto ndiyo ilikuwa inamlipia mdogo wake chuo kikuu. Alianza kuchoka bila sababu. Usiku anatoka jasho mpaka shuka inalowa. Akakonda mwili mzima, lakini tumbo upande wa kushoto likavimba. Walimpima malaria, wakamtibu malaria. Walimpima tifoidi, wakamtibu tifoidi. Mnajua vile inaendaga hapa kwetu.

Tumbo lilipozidi, kartie nzima ikasema: amelishwa karuho. Na hapa tuseme ukweli wote, hata kama unatuaibisha. Sisi wenye lisansi kwenye kabati na kazi hakuna, sisi tunaojua kuandika komunike, tulichanga franga za kumpeleka kwa mtu wa dawa za miti. Alitapishwa siku nne. Kumbe kilichovimba ni bandama, imejaa damu yenye ugonjwa. Hakuna adui aliyemtilia kitu kwenye kopo. Sisi wenyewe tulimpotezea wakati.

Ilichukua miezi saba mpaka munganga mmoja kijana aandike kipimo cha hesabu ya damu yote. Mtu mzima mwenye afya anakuwa na chembe nyeupe kati ya 4,000 na 10,000 hivi kwenye tone dogo la kupimia. Mwenzetu alikuwa na zaidi ya 200,000. Munganga akatuambia bila kuficha: nadhani najua hii ni nini, lakini siwezi kuihakikisha hapa, na dawa yake sina. Nendeni Kinshasa, au Kampala. Tukazunguka farmasi kumi na mbili na jina la dawa kwenye karatasi. Hamna. Tulianza kuchanga tiketi ya ndege. Hatukuimaliza.

Jina lililokuwa kwenye karatasi ni imatinib.

Hii si dawa mpya, wala si miujiza ya juzi. Wenye moto watatuelewa haraka: kubadilishana kwa zile kromosomu kunatengeneza protini moja mbaya inayoamrisha chembe nyeupe zizaane bila kusimama, sawa moto ambayo akselereta imekwama. Imatinib inaingia kwenye protini hiyo na kukata mafuta. Ni kinini cha kumeza nyumbani, kwa kawaida miligramu 400 mara moja kwa siku, pamoja na chakula na glasi kubwa ya maji. Marekani iliipitisha Mei 2001 kwa LMC. Februari 2002 ikaipitisha pia kwa GIST, uvimbe wa kansa unaoota kwenye ukuta wa tumbo au utumbo. Kabla yake, wengi wenye LMC walikufa ndani ya miaka michache. Kwenye utafiti mkubwa uliowafuata wagonjwa waliokunywa imatinib, baada ya miaka kumi zaidi ya 80 kwa kila 100 walikuwa bado hai.

Somaneni tena hesabu hiyo. Mwenzetu angekuwa bado barabarani.

Tumeuliza kwa nini dawa ya miaka 23 haijamfikia motari wa Birere. Kila mlango tuliobisha umetupa jibu. Tuyapitie moja moja.

Jibu la kwanza: ni dawa ya Wazungu, bei yake ni ya Wazungu. Ilikuwa kweli. Ilipotoka, Novartis iliiuza Marekani zaidi ya dola 20,000 kwa mwaka, halafu ikaendelea kuipandisha. Lakini mwaka 2013, tarehe 1 Aprili, Mahakama Kuu ya India iliinyima Novartis hati ya kuimiliki peke yake nchini humo, na viwanda vya India vikaendelea kuitengeneza kwa bei ya chini sana. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani likaiweka kwenye orodha ya dawa za lazima, orodha ile ile yenye parasetamoli na amoksisilini. Mwaka 2016 watafiti walipiga hesabu wakakuta vinini vya mwaka mzima vinaweza kuuzwa, na faida ikiwemo, kati ya dola 128 na 216. Hata ukichukua ile bei kubwa, ni dola 18 kwa mwezi. Jeep moja ya mkubwa inakunywa mafuta zaidi ya hiyo kabla ya saa sita mchana.

Jibu la pili: sheria za hati miliki zinatufunga. Uongo. Nchi maskini kuliko zote, na Congo imo, zimeruhusiwa na Shirika la Biashara Duniani kutotumia hati miliki za dawa mpaka tarehe 1 Januari 2033. Mlango uko wazi. Hakuna aliyetuzuia kuingia.

Jibu la tatu: hatuna mashine za kupima. Hili ndilo limetukasirisha zaidi. Kipimo cha kuhakikisha LMC kinatafuta alama moja inayoitwa BCR-ABL. Kuna katriji ya kipimo hicho inayoingia kwenye GeneXpert, mashine zile zile zinazopima kifua kikuu. Goma tunaijua GeneXpert. Wakati wa Ebola, 2018 mpaka 2020, ndizo zilikuwa zinatoa majibu Nord-Kivu kwa saa chache tu. Dunia ilipoogopa kwamba ugonjwa wetu utapanda ndege uwafikie wao, mashine zilifika, mafuta ya jenereta yakafika, wanganga wakafundishwa. LMC haiambukizi mtu. Ndiyo maana hakuna anayeharakisha.

Jibu la nne: vita. Tuliposikia jibu hili, tulicheka kicheko kibaya. Ndiyo, vita iko. Mwaka 2024 barabara ya Rutshuru ilikuwa imekatwa, ndugu zetu walikuwa wanalala chini ya mashiti Bulengo na Kanyaruchinya, na tulikuwa chini ya utawala wa kijeshi tangu Mei 2021. Hatuhitaji mtu atuhadithie. Lakini bia inafika Goma. Initi za simu zinafika. Coltan ya Rubaya inatoka, inavuka mipaka, inafika viwandani ng'ambo ya bahari. Boksi la vinini linaenea kwenye mfuko wa koti. Kipimo cha damu kinaenea kwenye kiganja. Vita inayoacha bia ipite na kuzuia kinini si vita peke yake. Kuna mtu hajaandika barua.

Na wengine wameandika. Kule Butaro, kijijini kaskazini mwa Rwanda, kituo cha kansa kilifunguliwa Julai 2012. Hakiko mji mkubwa. Wagonjwa wa LMC wanapewa imatinib pale, na mwanzoni sampuli zilikuwa zinatumwa hadi Marekani kwa sababu hawakuwa na kipimo. Hawakungoja kila kitu kiwe tayari. Tunajua kuna atakayetuita wasaliti kwa kutaja jambo hili. Asituchokoze. Tunajua jeshi la Rwanda linafanya nini kwenye udongo wetu, na tumelisema mchana kweupe. Lakini kumchukia jirani hakumpi mgonjwa wetu dawa, na aibu ya kukosa kituo kama kile ni yetu wenyewe na ya serikali yetu.

Kuna pia mpango wa kimataifa. Tangu 2002 Novartis pamoja na Max Foundation wamekuwa na mpango wa kutoa dawa hii bure kwa wagonjwa wa nchi maskini. Nairobi imeutumia kwa miaka mingi. Ila mpango huo hautembei barabarani kutafuta wagonjwa. Unapitia kwa munganga na hospitali zilizoandikishwa, zenye uwezo wa kuhakikisha ugonjwa na kumfuata mgonjwa. Hatusemi tuishi kwa sadaka ya kampuni. Nchi yenye kobalti na dhahabu haipaswi kupiga magoti kwa dola 18. Lakini mtu anayezama hachagui rangi ya mtumbwi. Leo achukue ule wa bure, kesho serikali inunue wake.

Katiba yetu, kifungu cha 47, inahakikisha haki ya afya. Aprili 2001, kule Abuja, viongozi wa Afrika waliahidi kutoa 15 kwa 100 ya bajeti kwa afya. Wiki mbili hivi baadaye imatinib ilipitishwa Marekani. Ahadi na kinini vina umri mmoja. Kinini kimefanya kazi yake. Ahadi, Kinshasa haijawahi kuitimiza. Tuliona Septemba 2023 wakizindua afya kwa wote, wakianza na wamama wanaojifungua na watoto wachanga. Vizuri, hatuwezi kukataa wema huo. Lakini "wote" ni neno kubwa. Motari naye yumo ndani ya "wote".

Sasa kikao cha bajeti kimeanza Kinshasa. Kwa hiyo tunadai mambo manne, na kila moja lina mtu wa kulijibu:

1. Wizara ya afya iweke imatinib kati ya dawa za kununuliwa kwa pesa ya serikali, na ipitishwe kwenye depo za dawa za mikoa. Hapa Goma ASRAMES inajua kupeleka dawa hata penye risasi. Njia iko, itumike.

2. Divisheni ya afya ya mkoa ichague hospitali moja Goma yenye GeneXpert, iombe katriji za BCR-ABL, na imtume munganga mmoja akafundishwe magonjwa ya damu. Mmoja tu. Hatujaomba kumi.

3. Wakuu wa afya wa mkoa waonyeshe barua yoyote waliyowahi kuandika ili hospitali ya Nord-Kivu iandikishwe kwenye mpango wa dawa ya bure. Kama iko, waitoe. Kama haiko, waiandike ndani ya siku 30. Karatasi na kalamu tutaleta sisi.

4. Wabunge wetu waliokuja kuomba kura mwaka jana wamuulize waziri swali hili kwa mdomo, ndani ya kikao hiki, kamera zikiwepo.

Na sisi je? Sisi pia tuna kazi. Tumbo likivimba kushoto, mtu akikonda na kutoka jasho usiku, msikimbilie karuho. Ombeni hesabu ya damu yote. Ni kipimo cha kawaida, labo nyingi za mji zinakifanya. Na tafadhali, msigeuze maneno haya kuwa ordonansi. Imatinib si dawa ya kila kansa, wala ya kila lukemia. Bila kipimo haina maana, inaweza kuumiza, na mgonjwa anayeinywa na kuiacha ovyo anaupa ugonjwa nafasi ya kuizoea. Mtu akikuuzia kinini cha kansa barabarani Virunga, huyo ni mwizi.

Jumatatu tarehe 30 Septemba tutapeleka barua hii kwa mikono kwenye ofisi ya divisheni ya afya. Bila kelele, bila mawe, kila mmoja na nakala yake. Watatuambia kuandamana kumekatazwa. Kupeleka barua hakujakatazwa. Tutahesabu siku 30, na kila Jumatatu tutaweka hapa jibu tulilopata, hata kama jibu ni kimya.

Mdogo wa mwenzetu aliacha masomo. Siku hizi anaendesha ile ile moto, parikingi ile ile. Wiki iliyopita alituuliza kama ugonjwa huo unarithiwa. Tukamjibu ukweli: hapana, haurithiwi, lala bila wasiwasi. Akanyamaza, halafu akauliza: sasa kama mwingine hapa parikingi akiupata, tutafanya nini?

Hatukuwa na la kumjibu. Tunawapitishia swali lake, ninyi mnaolipwa ili mlijibu.

Sisi vijana raia wa Goma