Mpwa wako hakuzaliwa akidai krispi

Wewe uliyeachiwa mtoto wa dada yako likizo hii, hebu tuongee. Akianza kulia njaa saa nne unampa nini? Mbao akimbie dukani, sivyo? Hata mimi nilikuwa hivyo. Nilipoacha chuo nilibaki nyumbani na mpwa wangu wa miaka minne, na krispi pamoja na juisi ya pakiti ndizo zilizoninunulia amani ya kushika simu. Kisha jino likaoza. Alilia hadi alfajiri, na hakuna aliyelala kwetu.

Usiniambie eti chakula bora ni cha watu wa Karen. Chemsha viazi vitamu au nduma asubuhi, ukate vipande virefu kama chipsi. Ndizi mbivu ikate mviringo, umpe siagi ya njugu apake mwenyewe. Atachafua meza, sawa, lakini mtoto hupenda kula alichotengeneza. Embe liponde kwenye mala, bila sukari. Na avokado? Msimu wake ukifika mama mboga huziuza bei ya kutupa.

Ila njugu nzima na bisi usimpe mdogo wa umri huo, zinaweza kumkaba.

Siku mbili za kwanza mpwa wangu aligoma kabisa, akanuna kama mwenye nyumba. Ya tatu njaa ikamleta mezani. Dukani bado tunaenda, lakini Jumamosi tu: pakiti moja, tunagawana.