Karatasi ya Bobi



Juma hili mama mmoja wa chama chetu ameniuliza: “Tunaenda mjini kwa ndoa, na hoteli imekubali tuje na mbwa. Tumpeleke?” Mama, nitakujibu kwa yale yaliyonipata mimi mwenyewe.

Kiangazi cha mwaka jana tulitoka Likasi kwenda Lubumbashi kwa ndoa ya mtoto wa dada yangu. Nyumbani hapakubaki mtu, kwa hiyo tulimpakia Bobi katika gari. Hoteli ilitupokea vizuri, tukaongeza franka kidogo kwa ajili yake. Asubuhi tulienda kanisani, Bobi tukamfungia chumbani. Mama anayefagia vyumba akafungua mlango bila kujua. Bobi, ambaye kwetu hulala miguuni pa watoto, akamrukia, na meno yakamkwaruza mkono.

Tuliporudi tulimkuta amefunga mkono kwa kitambaa. Hakupiga kelele. Aliuliza neno moja tu: “Karatasi yake ya chanjo iko wapi?”

Bobi alichanjwa, lakini karatasi ilibaki Likasi, ndani ya kabati. Yule mama ana watoto wanne. Kwa nini aniamini kwa maneno matupu? Tulimwosha mkono kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, tukampeleka kituo cha afya, tukalipa sindano zake.

Alikuwa na haki ya kuogopa. Ugonjwa wa kichaa cha mbwa hupitia mate, hata katika mkwaruzo mdogo. Dalili zikisha kuonekana, mgonjwa haponi. Lakini jeraha likioshwa mara moja na sindano zikianza mapema, mtu anaokoka.

Basi mama, kabla ya kufunga mizigo:

Mchanje mbwa mapema. Mtoto wa mbwa huchanjwa akifikisha miezi 3, na chanjo ya kwanza inahitaji kama majuma 3 ili kinga iwe tayari. Usingoje siku ya safari.

Weka karatasi ya chanjo pamoja na vitambulisho vyenu.

Beba kamba, bakuli na mkeka anaoulalia, maana harufu ya nyumbani humtuliza.

Usimwache peke yake chumbani. Mbwa mpole wa nyumbani, mahali pageni anaona kila anayeingia kuwa mwizi. Mkitoka naye kutembea, hapo ndipo chumba kifagiliwe.

Na kama wote mtakuwa kwenye ndoa kutwa nzima, nakushauri umwache kwa jirani anayemzoea. Ndivyo tunavyofanya sasa.

Hoteli ikisema “karibuni na mbwa wenu”, imefungua mlango tu. Yule mama mwenye ufagio hakuulizwa. Kumlinda ni kazi yetu.

Tuonane juma lijalo.