MAKAO MAKUU NA MWISHO WA WAYA

Kuhamishwa kwa Makao Makuu ya Shirika la Umeme, TANESCO, kutoka Dar es Salaam kwenda Dodoma kunafuata uamuzi wa Taifa wa mwaka 1973 wa kuufanya mji huo kuwa makao makuu ya nchi. Hatuna ugomvi nao. Njia ya zamani ya misafara ilitoka Bagamoyo, ikapita Ugogo hadi Tabora, ikaishia Ujiji. Wananchi wa Tabora wana haki ya kufurahi kuona ofisi kubwa imesogea upande wao.

Zama hizo wafanyabiashara wa Unyanyembe walikopa mali Unguja, na zumari ikilia Unguja, waliocheza walikuwa watu wa maziwa. Leo mambo yamegeuka. Unguja hupata umeme kutoka Bara kwa waya uliolazwa chini ya bahari mwaka 1980, ukaongezwa mwingine mwaka 2013. Pemba huupata kupitia Tanga tangu 2010. Umeme ulipokatika Unguja Desemba 2009, wananchi walikaa gizani takriban miezi mitatu.

Kwa hiyo tunawaomba wakuu wa Shirika na Serikali zetu mbili wahakikishe kwamba fundi wa Tabora, na mwenzake anayeuangalia waya wa Visiwani, wana vipuri na mamlaka ya kutenda bila kungoja barua ya Dodoma.

Kirangozi hodari hakusifiwa kwa bendera aliyoibeba. Alisifiwa kwa kumfikisha kambini mpagazi wa mwisho.