Sifa za Probox na Mizigo Yetu



Wakati wa kulipwa bonasi ya chai unapokaribia, mazungumzo kwenye vituo vya kununulia majani, tangu Litein hata Mogogosiek, huwa ni yale yale. Mmoja asema atamaliza karo ya watoto, mwingine asema ataongeza ng'ombe wa gredi, na wa tatu, ambaye mara nyingi ni kijana, asema yeye atanunua Probox. Hapana anayemwuliza Probox ni kitu gani. Hata mtoto wa darasa la kwanza huitambua kwa mlio kabla haijatokea kwenye kona.

Mimi sina ugomvi na motokaa hiyo. Nimeipanda mara nyingi kati ya Kaplong na Kapkatet, na safari moja nilihesabu watu kumi na mmoja pamoja nami, watatu wakiwa katika buti wakitazama tulikotoka, na dereva amekalia nusu ya kiti chake kwa kuwa nusu ya pili ilikuwa imelipiwa nauli. Tulifika salama. Na hilo ndilo linalonitia hofu, kwa sababu kesho yake watu walipanda vivyo hivyo, na mwenye gari akasema, "Gari la Mjapani halichoki."

Yafaa basi tujue Mjapani huyo alikuwa nani, na alijifunzaje kutengeneza gari linalosifiwa hivyo.

Mwanzo wa kampuni ya Toyota haukuwa motokaa hata kidogo, ulikuwa nguo. Sakichi Toyoda, aliyezaliwa mwaka 1867, alikuwa mtoto wa seremala wa kijijini, na huko kwao kina mama walifuma nguo kwa mikono. Akaanza kuunda vitanda vya kufumia vya kupunguza taabu hiyo. Mwaka 1924 yeye na mwanawe Kiichiro walikamilisha mtambo uliokuwa na jambo moja la ajabu: uzi ukikatika, mtambo husimama wenyewe. Mtambo usiosimama huendelea kufuma kitambaa kibovu, yadi baada ya yadi, mpaka mtu aje kuuona. Huu wa Toyoda ulikataa. Mwaka 1929 kampuni ya Platt Brothers ya Uingereza, ambayo wakati huo ilikuwa na jina kubwa katika mitambo ya nguo, ilinunua haki ya kuutengeneza.

Kiichiro ndiye aliyegeukia motokaa, mwaka 1933, ndani ya kiwanda kile kile cha mitambo. Lori lao la kwanza, lililoitwa G1, lilitoka mwaka 1935, wala msidhani ya kuwa lilikuwa zuri. Liliharibika njiani mara kwa mara, na mafundi wakalazimika kulifuata kwa wateja na kulitengeneza. Kampuni yenyewe ilianzishwa mwaka 1937. Mwaka 1950 ilikaribia kufilisika. Wafanyakazi waligoma, na Kiichiro akajiuzulu. Vita vya Korea vilivyoanza mwaka huo huo vilileta maagizo ya malori kutoka jeshi la Marekani, na hayo yakaiokoa. Hata hapo mambo hayakunyooka. Walipopeleka motokaa yao iitwayo Crown huko Marekani mwaka 1957, ilishindwa na mwendo wa kasi wa barabara ndefu za kule, na mwaka 1960 wakasimamisha kuipeleka. Walirudi nyumbani wakatengeneza nyingine. Corolla, ambayo wengi wenu mmeiona au kuimiliki, ilitoka mwaka 1966.

Mwaona wenyewe ya kuwa jina hili halikuja kwa sababu magari yao hayakuharibika. Yaliharibika sana. Ila kila lilipotokea kosa, mtu alisimama akaliangalia. Katika viwanda vyao hata leo mfanyakazi wa kawaida ana ruhusa ya kuisimamisha kazi akiona kitu hakikukaa sawasawa. Ni ule uzi uliokatika.

Huku kwetu wazee walikuwa watu wa Peugeot 404, nao hawakuwa wajinga; gari hilo lilishinda Safari Rally mara nne kati ya mwaka 1963 na 1968. Magari ya Kijapani tuliyaonea shaka, tukayaita ya bati. Kisha mwaka 1970 Datsun ikashinda Safari, na mwaka 1974 na 1976 Joginder Singh akaishinda kwa Mitsubishi Lancer. Bwana huyo alizaliwa papa hapa Kericho mwaka 1932. Toyota nayo ilishinda mwaka 1984, 1985 na 1986. Tangu hapo hapana aliyesema tena habari ya bati. Lakini wanaosimulia habari za Safari husahau jambo moja, kwamba njiani walikuwapo mafundi wakingoja na magurudumu, springi na oili, na gari lilikaguliwa kila liliposimama. Gari la Joginder lilibeba watu wawili.

Sasa tuje kwenye Probox. Ilianza kutengenezwa mwaka 2002, nayo huko Japani ni gari la kazi: wachuuzi wa madukani huitumia kupeleka bidhaa na mafundi hubebea vyombo vyao. Haikutengenezwa kwa ajili ya fahari, na mtu anayetaka fahari hataipenda.

Ukiwauliza wenyewe, sifa watakazokutajia ni za kweli. Injini yake ya lita moja na nusu hainywi petroli nyingi, na huzungushwa kwa mnyororo, si kwa mkanda wa mpira unaotaka kubadilishwa kila baada ya muda. Spea zapatikana Kericho, Sotik na Bomet, na fundi wa jua kali aweza kuifungua akiwa amefumba macho. Ukikunja viti vya nyuma wapata sakafu iliyo sawa, ya kutosha mikebe ya maziwa au magunia ya viazi. Na siku ya kuiuza hukosi mnunuzi.

Lawama zao nazo zisikilizwe. Ikiwa tupu, sehemu ya nyuma ni nyepesi, na katika utelezi wa barabara zetu za udongo hucheza kama mbuzi. Bati lake ni jembamba. Bushi na shokabsoba za mbele huchakaa upesi kwenye mashimo. Tena, tangu mwaka 2014 zile za gia za kujiendesha ziliwekwa giaboksi ya namna nyingine, inayofanya kazi kwa mkanda wa chuma, na walio na magari ya zamani husema ya kuwa hii mpya haipendi mlima na mzigo pamoja. Nami nawaunga mkono. Ukipandisha vilima vyetu polepole na gari limejaa, giaboksi hiyo hupata moto, na ikiharibika bei yake si ya mchezo.

Lakini angalieni: karibu kila lawama niliyoisikia ilitoka kwa mtu aliyelipakia gari kupita kipimo. Tufanye hesabu pamoja. Mjapani aliitengeneza Probox ichukue watu wawili na mzigo wa kilo 400. Wakikaa watu watano, mzigo usizidi kilo 250. Ndivyo ilivyoandikishwa kwao. Sasa chukua wale watu kumi na mmoja wa safari yangu. Ondoa watano walio halali, wabaki sita. Ukikadiria kilo 65 kwa kila mmoja, hizo ni kilo 390. Juu ya karia tulikuwa na magunia mawili ya viazi ya kilo 50. Jumla kilo 490. Mzigo karibu mara mbili ya kipimo, na bado hatujahesabu kuku wa mama mmoja aliyepandia Chebilat.

Dereva atakujibu ya kuwa ameongeza springi za nyuma. Vema, springi zitainua bati lisikwaruze tairi, lakini breki ni zile zile, na magurudumu ni yale yale. Kuongeza springi bila kuongeza breki ni kama kumpa mtu nguvu ya kukimbia na kumfunga macho. Mteremko wa Kericho mvua ikinyesha, na kwetu mvua hunyesha karibu kila mwezi, gari hilo halitasimama pale dereva alipozoea lisimame. Nao walio ndani ni nani? Ni wanafunzi, ni kina mama wanaokwenda kliniki Kapkatet au Longisa, ni wachumaji wa chai. Wengine mwawajua kwa majina.

Liko na jambo la bima, ambalo watu hulitambua siku ya msiba. Bima ya gari la nyumbani si bima ya gari la nauli. Mwenye kutoza nauli kwa bima isiyo yake aweza kuambiwa ya kuwa hana haki ya kulipwa, na waliojeruhiwa wakamdai yeye mwenyewe. Hapo shamba ndilo huwa la kwanza kutazamwa.

Najua wapo watakaosema, "Bwana, matatu hazifiki kwetu. Bila Probox mgonjwa atafia nyumbani." Ni kweli, na siwezi kumlaumu mtu aliyepanda kwa kuwa hana lingine. Nimepanda mimi mwenyewe. Ninayemlaumu ni mwenye gari anayesikia beringi ya gurudumu ikilia tangu Jumatatu, akaongeza sauti ya redio ili abiria wasiisikie. Uzi umekatika, naye aendelea kufuma.

Kwa hiyo wewe unayepiga hesabu ya bonasi, nakuomba ujiulize kwanza gari litafanya kazi gani. Si majani ya chai, kwa sababu lori la kiwanda huyafuata kituoni. Maziwa? Ikiwa wapeleka lita kumi kwa siku, pikipiki au punda yatosha, na ng'ombe wa pili atakufaa kuliko gurudumu la nne. Ikiwa majirani watatu au wanne mna lita mia mbili kila asubuhi za kupeleka kwenye mtambo wa kupozea, hapo kuna kazi ya gari, nanyi mwaweza kulinunua pamoja, jina la kila mmoja likaandikwa kwenye mapatano mbele ya wakili. Kununua kwa shirika kuna kelele zake, sikatai. Lakini kelele za watu watatu wenye daftari ni nafuu kuliko ukimya wa mtu mmoja mwenye deni.

Wala msiiweke bonasi kuwa dhamana ya mkopo wa gari. Sisi wa magharibi ya Bonde la Ufa twajua ya kuwa bonasi yetu huwa chini kuliko ya wenzetu wa mashariki, na mwaka 2025 malalamiko yalijaa Kericho na Bomet nzima. Mkopo haupungui kwa sababu bonasi imepungua. Wazee wetu waliopewa mashamba katika skimu baada ya mwaka 1962 walilipa deni la ardhi kwa miaka mingi, na wengine hawakulimaliza wao, walilimaliza watoto. Deni lile liliacha shamba. Deni la motokaa huacha bati.

Ukiamua kununua, sheria ya Kenya hairuhusu kuingiza gari lililopita miaka minane tangu liandikishwe mara ya kwanza. Kwa hiyo gari unaloambiwa "ni jipya, limetoka Mombasa jana" huenda limekwisha fanya kazi miaka saba huko kwao. Taka kuona cheti cha kutoka Japani, na kilomita zilizoandikwa humo uzilinganishe na za kwenye dashibodi, kwa maana wako wauzaji wanaozirudisha nyuma. Nenda na fundi wako, si wa muuzaji. Mwambie alale chini ya gari atazame kama limeunganishwa kwa moto mahali, kisha mpande kilima pamoja na mshuke.

Na kabla hujatoa fedha, zunguka utazame mlango wa nyuma. Magari mengi bado yana kile kikaratasi kidogo walichokibandika Wajapani, chenye kipimo cha mzigo. Maneno yake ni ya Kijapani, lakini tarakimu ni hizi hizi zetu: 400, na kando yake katika mabano, 250. Ukikuta kimebanduliwa, mwulize muuzaji ni nani aliyekibandua, na kwa nini.