Mwacheni dogo na Altezza yake

KILA dirisha la usajili likifungwa stori ni ile ile. Dogo katoka Mtwara, kasaini mkataba wake wa kwanza wa maana, na kitu cha kwanza kununua ni Altezza. Vijiweni wanamcheka: angenunua kiwanja, angemwezekea mama yake bati. Sawa. Lakini nyie mnaocheka, mmewahi kuishika usukani?

Toyota waliitoa gari hii mwaka 1998, kazi ikisimamiwa na mhandisi Nobuaki Katayama, wakiwa wamemlenga kijana anayependa kuendesha. Injini iko mbele, propela inapita chini katikati, difu iko nyuma. Tairi za nyuma zinasukuma, za mbele zinabaki na kazi moja kubwa ya kugeuza. Kwenye IST au Passo, tairi za mbele zinavuta na kugeuza kwa wakati mmoja. Ni kama umpe namba sita akabe, apandishe timu na apige kona. Ataweza, ila dakika ya 70 mtamuona ameshika kiuno.

Ndiyo maana Altezza ikiingia kona unaisikia inakaa. Ukikanyaga mafuta wakati unatoka, uzito unaegemea nyuma, huko huko kunakosukuma, na tairi zinang'ang'ania lami. RS200 ya gia sita za mkono ina silinda nne na nguvu za farasi 210. AS200 ina silinda sita na farasi 160 tu, na bado raha ipo. Zote hazifiki cc 2,000, jambo linalopunguza maumivu ya ushuru, ingawa kodi ya uchakavu haina huruma.

Wapo watakaosema gari ya michezo ni ya milango miwili. Haya, ipo Toyota 86 ya mwaka 2012, iliyotengenezwa pamoja na Subaru. Ina farasi 200, na waliifunga tairi za aina ile ile ya Prius, gari ya kubana mafuta! Walifanya makusudi. Tairi isiyong'ang'ania sana inakufanya uanze kuusikia mkia ukicheza hata kwa mwendo wa kawaida. Anayedhani raha ya gari ni spidi peke yake hapo hatuelewani. Ila kwa pesa ya usajili ya dogo wetu, 86 ni ndoto. Altezza ndiyo 86 yake, na ina nafasi ya mama na wadogo zake nyuma.

Sasa ubaya wake. Gari ya kuvuta mbele ikizidiwa kwenye kona inataka kwenda moja kwa moja, na wewe unaondoa mguu. Hii ikizidiwa, mkia unakupita. Mvua ikinyesha pale Mikindani barabara inapozunguka ghuba, na tairi za nyuma ni vipara, usitafute mchawi.

Mchezaji mmoja, jina nalihifadhi, alinipeleka Msimbati, huko karibu na mdomo wa Ruvuma, ambako watu hupitisha magari ufukweni. Maji yalikuwa yamekupwa, mchanga mgumu, gari inateleza kama mpira kwenye nyasi zilizomwagiwa maji. Akasogea juu kwenye mchanga mkavu kutafuta kivuli. Tukazama hadi difu. Vijana wa wavuvi walicheka kwanza, halafu wakatuambia shida: nyuma nyepesi. Wakaweka makuti chini ya tairi, watatu wakakaa juu ya buti, gari ikatoka. Shule ya uzito na msuguano, ada ikawa soda tatu.

Kesho yake fundi aliingia chini ya gari, akatoka anatikisa kichwa. "Mdogo wangu, gari sio mbovu. Mmeiharibu wenyewe." Mwenye gari wa kwanza alikata springi ili ishuke chini, bushi zimekwisha, tairi za nyuma kila moja na kampuni yake. Muziki mpya, rimu zinang'aa.

Hapo ndipo mimi na vijiwe tunapoachana. Kosa sio kununua Altezza. Kosa ni kumuacha mtu wa miaka 20, ambaye miguu yake ndiyo ajira yake, aende yadi peke yake na pesa mkononi. Akitaka kusaini mkataba anazungukwa na meneja, mjomba na wapambe wanne. Siku ya kununua gari hao wote wako wapi? Wampeleke na fundi, wakague chini kabla ya kusifia rangi. Hela ya rimu iende kwenye tairi nne zinazofanana, inayobaki kwenye bushi na shokapu.

Dogo aliuza spika zake, akanunua tairi. Mama yake siku hizi anapelekwa sokoni na gari, na hataki kukaa nyuma. Kiwanja bado.