Unyoya mmoja waweza kumfunga au kumwachia mchuuzi wa mpakani

WALIOISHI katika kambi za wakimbizi za Kigoma na Kagera wanaikumbuka biashara ya nyama ya porini. Ripoti ya shirika la TRAFFIC ilieleza kuwa mgawo wa chakula kambini haukuwa na nyama, hivyo wengi wakageukia mawindo. Nyama hiyo ilipewa jina la mafumbo: mchicha wa usiku.

Wengi wamekwisharejea makwao, lakini swali moja limebaki mpakani: nyama hii iliyokaushwa ni ya mbuzi au ya swala? Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya Tanzania ya mwaka 2009 inahesabu nyama, ngozi na hata nywele za mnyamapori kuwa nyara. Anayekamatwa nazo ndiye hutakiwa kuthibitisha kuwa anazo kihalali.

Nyama ikishakaushwa na kukatwakatwa, macho matupu hudanganyika. Unyoya ulionasa kwenye ngozi au gunia haubadiliki upesi. Chini ya hadubini huonyesha magamba ya nje, ambayo mpangilio wake hutofautiana baina ya wanyama, na kiini cha katikati. Kwa binadamu kiini hicho ni chembamba, chini ya theluthi ya upana wa unywele. Kwa swala wengi hujaza karibu unyoya wote. Kuyaona magamba hakuhitaji fedha nyingi: unyoya hulazwa juu ya rangi ya kucha isiyo na rangi, ikikauka hung'olewa, na alama zake hubaki kwenye kioo.

Hata hivyo, mbuzi na swala ni wa ukoo mmoja. Unyoya mmoja hautoshi. Zinahitajika nyingi, pamoja na sampuli za kulinganishia kutoka kwa wanyama wanaojulikana. Palipo na shaka, vipimo vya vinasaba ndivyo vitoe jibu.

Tatizo ni kwamba nyama huoza, na huteketezwa kwa amri ya hakimu kabla kesi haijaisha. Basi na itunzwe bahasha ya manyoya, yaliyochukuliwa mbele ya mtuhumiwa. Hiyo itambana jangili na kumwokoa asiye na hatia.

Naye mchuuzi ajilinde: asafiri na kibali cha ofisa mifugo, na aache kipande cha ngozi chenye manyoya juu ya nyama yake. Maneno hukanushwa, unyoya haukanushiki kirahisi.