Wati nyingi hazitaokoa droni yako

Ingia duka lolote linalouza droni na ndege za remoti, utasikia swali lile lile: "Hii iko na wati ngapi?" Muuzaji anajua udhaifu wako. Anakutolea yenye nguvu zaidi, bei imeruka, nawe unatoa chapaa ukiamini umenunua kilomita.

Msee, umeuziwa njia ya kumaliza betri.

Mimi sikumaliza chuo, lakini hesabu hii haihitaji digrii. Mawimbi ya redio hutawanyika kadiri yanavyosafiri, kama mwanga wa tochi. Kufika mara mbili ya umbali, unahitaji nguvu mara nne. Remoti ya miliwati 100 ikifika kilomita moja, ya miliwati 400 itafika mbili. Ukipanda hadi wati nzima, mara kumi ya nguvu, unapata kama tatu tu. Na hapo ni uwanja wazi, bila kizuizi.

Sasa leta hesabu hiyo mtaani. Remoti nyingi hutumia masafa ya gigahezi 2.4, yale yale ya waifai na Bluetooth za ploti nzima. Mabati yanarudisha mawimbi, zege inayapunguza, majani mabichi yanayanywa. Hata mwili wako ni ukuta ukiipa ndege mgongo. Droni ikijificha nyuma ya ghorofa kumi, wati za ziada zitakusaidia kidogo sana.

Kinachosaidia zaidi ni bure. Antena ya kawaida ya fimbo hurusha mawimbi ubavuni, si kwenye ncha. Ukiielekezea ndege ile ncha kama unayemnyooshea mwizi kidole, umeipa sehemu dhaifu kabisa. Igeuze ubavu. Kwenye risiva nyingi za masafa hayo, kipande cha waya kilicho uchi mwishoni ni takriban milimita 31, robo ya urefu wa wimbi. Usikikate, usikifiche nyuma ya betri wala fremu ya kaboni.

Halafu kuna risiva yenyewe. Mifumo kama ExpressLRS, inayotumia teknolojia ya LoRa, hufika mbali kwa nguvu ndogo kwa sababu risiva yake husikia hata mnong'ono. Sikio zuri linashinda mdomo mkubwa.

Najua utasema, "Wati za ziada zinaumiza nani?" Zinawaumiza wenzako uwanjani, maana kelele yako ndiyo inaziba ndege zao. Kisha jiulize: kilomita kumi ni za nini? Hapa Kenya droni husajiliwa na KCAA, na kanuni za kawaida zinataka uione kwa macho, chini ya futi 400. Droni ndogo ikifika mita mia kadhaa, tayari ni nukta. Macho yako yataishiwa kabla ya remoti.

Swali la maana si inafika wapi. Ni hili: mawimbi yakikatika, itafanya nini? Kwenye menyu utaona neno failsafe. Wengi hawajawahi kuligusa. Ondoa propela, washa mota, kisha zima remoti. Kama droni yako haina GPS, mota lazima zisimame. Zikiendelea kuzunguka, hiyo haijawa tayari kuruka, hata kama ina wati mia.

Weka hiyo kwanza, kisha antena, kisha risiva nzuri. Wati zije mwisho, kama bado utazihitaji. Kwa sababu hiyo droni ikianguka juu ya mtoto wa mtu, mama yake hatakuuliza remoti yako ilikuwa inafika wapi.